Kwa nini mvua ya pwani hupiga alfajiri? (Uzi wa wanaolala kwenye gari, Tanga mpaka Mtwara)

#1 Hiace ya Buluu
Wadau, habari. Nimegeuza Hiace yangu kuwa gari la kulala. Viti vya nyuma nimetoa, nimepiga kitanda cha mbao, chini yake madumu ya maji na mtungi wa gesi wa kilo 6, juu ya paa sola moja. Mimi na mke wangu tumeitembeza pwani kwa vipande. Wakati wa kipupwe tulikuwa Tanga, Pangani na Bagamoyo. Vuli hii tumeshuka kusini: Kibiti, Somanga, Kilwa Masoko, Lindi, na ninavyoandika tupo Mikindani.

Kuna jambo limenishinda. Mchana anga safi, jua la kuchoma. Usiku nyota tele. Halafu saa kumi au kumi na moja alfajiri, bila radi wala taarifa, mvua inashuka juu ya bati. Nusu saa, imekwisha. Saa mbili unakunywa chai juani. Nimekulia Dodoma, kule mvua ni ya alasiri, wingu unaliona likijikusanya tangu saa nane na una muda wa kuanua nguo. Huku hupewi hata dalili.

Kwa nini iwe hivyo? Na je, kuna mwezi ambao mtu anaweza kupita pwani yote bila kufunga madirisha usiku? Maana ukifunga unaiva, ukifungua unaloa.

#2 Chapati Mbili
Nimeshaweka kigoda na kikombe cha kahawa, ngoja wenye bahari waje. Ila mkuu, "ukifunga unaiva, ukifungua unaloa", hapo umeeleza Hiace au ndoa?

#3 Dereva wa Kusini
Hongera kwa kufika Mikindani na kitanda ndani ya gari. Mimi nimeendesha basi njia hiyo enzi za kivuko cha Ndundu pale Mto Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Masika ukitoka Dar unaaga nyumbani kwa kushikana mikono. Hata daraja lilipokuja, kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu, kilikuwa kinatula siku nzima, na Aprili zaidi ya siku. Abiria walilala kwenye basi bila kitanda wala sola, na hakuna aliyefungua uzi.

Mvua ya alfajiri naijua. Utingo aliyelala juu ya keria alikuwa anashuka na turubai lake saa kumi bila kuamshwa. Sababu siijui. Ukitaka mwezi, chukua Septemba. Upepo wa kusi umechoka, vuli bado, barabara kavu.

#4 Msomi wa Mawingu
Sababu inajulikana. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya nchi inapanda, ya baharini inaingia kujaza pengo, na huo ndio upepo unaousikia kuanzia saa nne au saa tano asubuhi. Unasukuma mawingu kwenda bara, kwa hiyo mchana pwani ni jua na mvua iko Korogwe huko.

Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, bahari inabaki na joto lake. Hewa baridi inatoka nchi kavu kwenda baharini, inakutana na upepo wa msimu unaokuja, na zikikutana hewa haina pa kwenda isipokuwa juu. Mawingu yanajijenga hapo nje, si mbali na ufukwe. Karibu na alfajiri ndipo tofauti ya joto inapokuwa kubwa, mawingu yameiva, upepo wa msimu unayarudisha nchi kavu. Unapigwa wewe na kitanda chako.

#5 Binti Muheza
Msomi umeeleza vizuri ila umeisahau milima. Sisi tunaona kwa macho: mawingu yanatoka baharini, yanaegemea Usambara, Amani inaloa mchana kutwa wakati Tanga mjini watu wanauza madafu juani. Usiku ile baridi ya mlimani inateremka na bonde la Mto Sigi mpaka baharini. Ndiyo inayosukuma. Bila Usambara, Tanga isingekuwa na mvua ya alfajiri.

#6 Hiace ya Buluu
@Binti Muheza, na Kilwa Masoko? Pale hakuna mlima na ndipo tulipoloa kuliko kote.

#7 Binti Muheza
Kilwa sijafika. Mimi natetea Tanga.

#8 Nahodha Kivinje
Nimesoma. Msomi amesema kwa Kiswahili cha darasani, ila mambo ni yaleyale tunayoyajua. Usiku huvuma umande kutoka bara. Ndio tunaoondokea kwenda kuvua: saa tisa, saa kumi, unatweka tanga na chombo kinatoka chenyewe. Kusi ikiwa bado na nguvu, umande hauendi mbali, pepo mbili zinagongana hapo nje ya miamba. Ukiwa chomboni unaona mstari mweusi juu ya maji, upepo unakatika ghafla, tanga linalegea. Hapo ndipo inapokunyeshea. Kukipambazuka umande unakufa, kusi inabeba kilichobaki na kukileta ufukweni.

Lakini nina swali kwa huyo msomi. Januari na Februari umande upo. Bahari ina joto kuliko Julai. Kaskazi inavuma. Kwa maneno yako tungeloa kila alfajiri. Mbona kaskazi ikikaa sawasawa tunapitisha majuma bila tone? Nijibu hilo.

#9 Chapati Mbili
Msomi, umeitwa mbele ya darasa.

#10 Msomi wa Mawingu
Shikamoo nahodha. Swali zuri. Kaskazi inatoka Arabuni na Pembe ya Afrika, ni hewa kavu. Kusi imesafiri maelfu ya kilomita juu ya Bahari ya Hindi, imebeba maji. Umande uleule, ila mwenzake wa kukutana naye ni tofauti.

#11 Makonde Halisi
Kaskazi kavu ya wapi? Nipo Mtwara. Januari ndiyo tunalima, mvua kibao. Msituambie habari za Tanga mkaziita pwani nzima.

#12 Msomi wa Mawingu
Hapo @Makonde Halisi amenirekebisha kwa haki. Tanga, Pwani, Dar, Unguja na Pemba wana misimu miwili, vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei. Lindi na Mtwara wana msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili. Ukanda wa mvua unafuata jua: Januari umeshuka kusini, Machi unaanza kupanda. Kwa hiyo @Hiace ya Buluu, umetoka eneo la misimu miwili ukaingia la msimu mmoja bila kuona kibao chochote njiani. Hakuna mstari uliochorwa, ila ukishavuka Rufiji uko kwenye kalenda nyingine.

#13 Mhasibu Mkavu
Mimi naona mnajibu swali lisilokuwepo. Mvua inanyesha saa zote. Mchana uko barabarani, kimvua cha dakika kumi unakipita kwa kasi ya 80, ukifika kijiji cha mbele umeshakisahau. Usiku umesimama, sikio lako liko futi tatu kutoka kwenye bati. Kila tone unalihesabu. Atafutwe mtu mwenye kipimo cha mvua, si mwenye Hiace.

#14 Hiace ya Buluu
@Mhasibu Mkavu nguo za mke wangu zilizosahauliwa kwenye kamba zina ushahidi. Jioni kavu, asubuhi zinatiririka.

#15 Fundi Paa
Mkuu, kabla hatujaenda mbali na pepo na milima. Godoro lako asubuhi linaloa juu au chini?

#16 Hiace ya Buluu
Chini. Hata usiku usio na mvua. Nilidhani ni maji yanayopita kwenye matundu ya sola.

#17 Fundi Paa
Ndiyo maana nimeuliza. Watu wengi wanaleta magari kwangu wakisema paa linavuja, namwaga maji juu robo saa, ndani kavu. Ni jasho la gari. Watu wawili mmefunga madirisha, pumzi yenu yote inatafuta pa kukaa. Bati limepoa, linaishika. Inateremka kwenye kuta, inaingia chini ya godoro, na ubao ulioweka hauna upenyo. Ondoa ubao mzima, weka chaga za mbao zenye nafasi ya vidole viwili. Bati libandike sponji kabla ya mbao ya ndani. Dirisha la mbele kushoto liache wazi kidogo na la nyuma kulia vilevile, wavu wa mbu juu yake, na kikinga mvua cha plastiki kinachobandikwa pembeni ya kioo. Hapo utafungua na hutaloa.

Ila kagua na matundu ya sola. Waliokufungia wametumia gundi gani? Ile nyeupe ya vioo vya nyumba jua la pwani linaipasua ndani ya mwaka.

#18 Kaka wa Likoni
Fundi umenena, ila chumvi umeiacha. Sisi wa Mombasa twajua: ukilala karibu na mawimbi, ile mvuke ya chumvi yaingia kwenye shuka, kwenye godoro, kila mahali. Chumvi yavuta maji. Godoro likishaonja bahari halikauki tena mpaka ulioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Simama nyuma kidogo ya minazi, utaona tofauti.

#19 Fundi Paa
Hilo pia. Na chini ya gari mwagia maji ya kisima kila ukitoka ufukweni. Chesisi za Kijapani zinakuja hapa zimeshaanza kutafunwa, pwani inamalizia.

#20 Jobless wa Mkuranga
Mbona rahisi, jioni ingiza jiko la mkaa ndani nusu saa, likauke lote ndipo mlale.

#21 Nesi wa Zamu
USIFANYE HIVYO. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Mkaa ndani ya gari lililofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, huisikii. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja mtamu, na hamuamki. Hata jiko "lililozimika" bado linatoa. Gesi nayo pikeni nje au milango ikiwa wazi, na usiku fungeni mtungi palepale kwenye koki yake. Godoro bichi halijawahi kumuua mtu.

#22 Jobless wa Mkuranga
Nimekuelewa dada. Nafuta wazo, comment nimeiacha ili wengine wajifunze.

#23 Mzee wa Mwongo
Salaam. Mnabishana kwa sababu mnahesabu kwa Novemba na Januari. Sisi Makunduchi tunahesabu tangu Siku ya Mwaka, ile ya Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Wazee walijua mwongo gani kusi inalegea, mwongo gani bahari ya matlai, ule upepo wa mashariki, mwongo gani vuli inaanza na upande gani wa siku inanyesha. Mwambie kijana ahesabu miongo, hataloa.

#24 Mhasibu Mkavu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mwaka huo una siku 365 bila ile ya nyongeza. Maana yake unasogea siku moja kila miaka 4. Kwenye karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa inaangukia Agosti. Kwa hiyo mwongo wa babu yako na mwongo wako si wakati mmoja wa msimu. Vuli haikuhama, hesabu ndiyo iliyohama.

#25 Mzee wa Mwongo
Marahaba. Wazee hawakuwa wajinga wa kuhesabu vidole peke yake. Waliangalia Kilimia, lile kundi la nyota. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hesabu ikikosea, nyota inarekebisha. Wewe mhasibu umeangalia juu lini mara ya mwisho?

#26 Chapati Mbili
😂 Mhasibu anaangalia juu akisubiri mshahara tu.

#27 Mkaa Muscat
Wapendwa, uzi mtamu. Nipo Oman. Nawaongezea kitu juu ya hiyo kusi yenu. Ikivuka ikweta inageuka, inakuja huku ikitokea kusini-magharibi, na Juni mpaka Septemba inaipiga Salalah. Wanaita kharifu. Manyunyu na ukungu mchana na usiku, milima ya Dhofar inakuwa ya kijani wakati Muscat tunaungua. Watu wanapakia mahema na majiko kwenye magari, karibu kilomita 1,000 za jangwa, kwenda kukaa kwenye ukungu kwa hiari yao. Wanafika wanalia kwa furaha kwa sababu wameloa.

Ila kule hainyeshi alfajiri peke yake. Upepo uleule, bahari hiyohiyo. Kwa nini kwenu iwe na saa maalumu?

#28 Msomi wa Mawingu
Dhofar ni milima inayosimama karibu na bahari, pamoja na maji baridi yanayopanda kutoka chini ufukweni wakati wa kusi. Hewa inapoa hapohapo, ukungu haungoji usiku. Sisi maji yetu ya ufukweni hayapoi kiasi hicho.

#29 Binti Muheza
"Milima inayosimama karibu na bahari." Nimeona hapo. Nakaa kimya.

#30 Nahodha Kivinje
Binti amekufunga goli. 😄

Sasa mimi nina langu ambalo sijaona likitajwa. Mvua ya alfajiri inakuja na maji yakijaa. Yakianza kupwa, inakatika. Bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa alfajiri kwa saa za huku, na ndipo inaponyesha zaidi. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, kidogo tu. Tumeishi na jambo hilo.

#31 Msomi wa Mawingu
Nahodha, hapo naomba nisikubali. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Kama mvua ingefuata maji, nayo ingechelewa: leo saa kumi, wiki ijayo saa nne asubuhi. Lakini Hiace anasema ni alfajiri siku zote.

#32 Nahodha Kivinje
Hiace amelala siku ngapi mahali pamoja? Leo Somanga, kesho Masoko, keshokutwa Lindi. Akae Kivinje mwezi mzima, nitampa pa kuegesha, aone.

#33 Mhasibu Mkavu
Kwa mara ya kwanza nipo upande wa nahodha. Si kwa nadharia, kwa njia yake ya kuchunguza.

#34 Hiace ya Buluu
Nahodha asante kwa mwaliko. Mke wangu ameuliza kama Kivinje kuna pweza.

#35 Nahodha Kivinje
Mwambie aje na sufuria kubwa.

#36 Mama Somanga
Jamani na sisi tuliopo barabarani tuseme. Mnajadili kimvua cha nusu saa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara yetu ya Kilwa ilikatika zaidi ya sehemu moja. Magari ya kutoka Dar yakakaa huku, ya Mtwara yakakaa kule. Tuliuza samaki mpaka wakaisha, tukauza wali, tukauza chai kavu, kisha tukagawa. Wenye magari ya kulala wakumbuke: usiegeshe karibu na kalavati hata kama ni kavu kabisa. Maji hayatoki kwenye mvua uliyoiona, yanatoka huko juu ambako hukufika.

#37 Kijana wa Kibada
Ila Hidaya ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Vimbunga havifiki Tanzania, tuko karibu na ikweta. Hilo tulisoma.

#38 Msomi wa Mawingu
Vinafika kwa nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauvipi msokoto wa kutosha, hivyo vingi vinabaki kusini. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Aprili 1952 Lindi ilipigwa. 2019 Kenneth iliingia Msumbiji, upande wa pili wa Ruvuma.

#39 Makonde Halisi
Babu alikuwa anahesabu umri wa watoto wake kwa ile ya 1952. Na tunavyojua sisi kinachotulinda ni Madagaska, inazipokea kwanza.

#40 Msomi wa Mawingu
Madagaska inasaidia zile zinazotoka mashariki yake. Hidaya haikupitia Madagaska. Ilijijenga kaskazini yake na kuja moja kwa moja.

#41 Mama Somanga
Ikiwa ya ikweta au ya Madagaska, kalavati ni lilelile. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wametoa tahadhari, lala mjini.

#42 Dereva wa Kusini
Mama amemaliza. Turudi kwenye swali la mwezi maana limeachwa. Watu wanasema Juni mpaka Agosti ndio ukavu na ubaridi mzuri. Kweli, ila kusi ina nguvu kuliko wakati wowote. Ukishuka kusini na Hiace ndefu yenye paa la juu, upepo unakuja mbele kushoto saa zote. Juu ya Daraja la Mkapa, karibu mita 970 bila kichaka cha kukukinga, shika usukani kwa mikono miwili. Gari litakula mafuta zaidi. Ukitaka kipupwe, panda kaskazini, usishuke kusini. Kusi ikusukume mgongoni, kama majahazi.

#43 Kaka wa Likoni
Na akipanda asiishie Tanga! Tanga mpaka Horohoro lami, wavuka Lunga Lunga, kadi ya njano ya bima iwe tayari na karatasi za gari kuingia kwa muda. Siku hizi waweza pita Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Kisha Kilifi, lala juu ya mkono wa bahari pale darajani. Mbele Gede, magofu yamo ndani ya msitu na mwaka 2024 yaliingia orodha ya urithi wa dunia. Hata Mokowe waenda kwa lami, ila gari waliacha hapo, Lamu ni punda na mashua.

Mwezi: mimi nasema Januari na Februari. Kaskazi, bahari safi, na mbu wachache. Usije Mei. Dar masika yao kilele ni Aprili, sisi Mombasa ni Mei. Ukiikimbia mvua ya Dar Aprili mwisho kuja kwetu, waifuata, huikimbii.

#44 Makonde Halisi
Januari kwako, Januari kwetu ni tope. Kwa hiyo mwezi wa pwani yote haupo. Semeni ukweli.

#45 Dereva wa Kusini
Septemba upo.

#46 Mzee wa Mwongo
Si Septemba. Mwongo wa sita na wa saba.

#47 Mhasibu Mkavu
Mzee, kwa mwaka unaoanza katikati ya Julai, huo ni Septemba. 🙏

#48 Mzee wa Mwongo
Basi umejifunza kuhesabu.

#49 Dada wa Ushongo
Nami niongeze la kuegesha. Huku Ushongo, Pangani, kila msimu wanakuja watu na magari mazuri, wanaona mchanga mgumu mweupe, wanaegesha karibu na maji wapige picha ya macheo. Ni maji mafu, wanalala salama. Wanapenda, wanarudi wiki ijayo palepale, kumbe ni bamvua. Pwani hii maji yanapanda kama mita 4. Saa tisa usiku tunaitwa na trekta. Angalia mstari wa mwani uliokauka, uegeshe juu yake kwa umbali wa kueleweka. Ukinasa mchangani usikanyage mafuta, punguza upepo wa tairi, fukua, weka makuti. Na kabla ya yote nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe. Mgeni aliyejitambulisha usiku akiita watu wanatoka. Asiyejitambulisha wanauliza kwanza ni nani.

#50 Hiace ya Buluu
Hili la mwenyekiti nalithibitisha. Kijiji kimoja tulipewa mpaka mlinzi, alikataa hela, akakubali chai. Fundi Paa, chaga nimeanza kununua mbao. Msomi, Nahodha, Binti, bado sijui nani yuko sahihi lakini nimeanza kuamka saa tisa kusikiliza upepo unatoka wapi.

#51 Binti Muheza
Na jana ulitoka wapi?

#52 Hiace ya Buluu
Bara. Halafu ukakatika. Halafu haikunyesha.

#53 Chapati Mbili
Nadharia zote nne zimekufa usiku mmoja. Tuanze upya.

#54 Msomi wa Mawingu
Usiku mmoja hauui kitu. Hewa ya juu ilikuwa kavu, basi.

#55 Nahodha Kivinje
Maji mafu hayo.

#56 Mgeni Coaster
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Nina Coaster nataka kuigeuza ya kulala, nianzie Tanga nishuke Pangani, nivuke kwenda Mkwaja na Saadani mpaka Bagamoyo. Je, Coaster inapanda pantoni?

#57 Dereva wa Kusini
Inapanda. Ila maji yakipwa ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, mkia wa Coaster ni mrefu, utaburuza bampa. Subiri maji yajae. Na kule Saadani ni udongo mweusi, ikinyesha usiku asubuhi usitoke, ngoja jua lifanye kazi mpaka saa sita. Coaster tairi za nyuma tu, usijidanganye.

#58 Mgeni Coaster
Asante mkuu. Sasa Pangani maji yanajaa saa ngapi?

#59 Nahodha Kivinje
Unavuka mwezi ngapi?

#60 Mgeni Coaster
Wa kumi na mbili.

#61 Nahodha Kivinje
Nauliza mwezi wa juu, kijana.